AFYA NYUMBANI: Weusi Chini ya Macho



Neno la juma hili ni dogo kwa kulitazama, lakini lasumbua nyumba nyingi. Ni ule weusi unaokaa chini ya macho ya watu wengine na kumfanya mtu aonekane kana kwamba hajalala siku tatu. Akina mama huniuliza habari zake, na wasichana pia, na hata mabwana, ingawa hao huuliza kwa kuzungukazunguka, ati dada yao ndiye anayetaka kujua.

Maulizo hayo si ya bure. Kijijini uso wa mtu husomwa na kila mpita njia. Mwenye weusi chini ya macho leo ataambiwa ni mlevi, kesho ataambiwa ana ugonjwa anaouficha, na keshokutwa watanong'ona kwamba usiku halali, hutembea na mambo ya giza. Wote twajua habari za Usukumani, jinsi vikongwe walivyouawa kwa sababu ya macho mekundu, nayo macho yale yalitiwa wekundu na moshi wa kuni na wa mavi ya ng'ombe waliyopikia maisha yao yote. Basi kabla hatujamhukumu mtu kwa macho yake, na kabla hatujatoa fedha kwa mwuza dawa wa gulioni, yafaa tujue weusi huu watoka wapi.

Ngozi iliyo chini ya jicho ni nyembamba kuliko ngozi ya mahali pengine mwilini. Unene wake ni kama nusu milimita tu, tena haina mafuta mengi chini yake. Kwa hiyo mishipa ya damu na misuli iliyo ndani huonekana kwa nje, kama mtu aonekanavyo nyuma ya pazia jepesi. Na damu, ingawa ni nyekundu, ikitazamwa kwa kupitia ngozi huonekana ya samawati au nyeusinyeusi. Hiyo ni sababu moja.

Kwa watu weusi kama sisi iko sababu nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo ni rangi yenyewe ya ngozi. Ziko koo ambazo ngozi ya kuzunguka macho yao ni nyeusi kuliko ya mashavu. Huanza kuonekana utotoni au wakati wa ujana, hukaa maisha yote, wala hakuna ugonjwa wo wote ndani yake. Kazi yangu ni kuandika watoto katika kitabu cha ubatizo, na mara nyingi wanapokuja jamaa wa mtoto mmoja huona macho yale yale yamepangwa safu mbele ya meza: ya bibi, ya mama, na ya yule dada mkubwa aliyebeba mfuko. Mtu wa namna hiyo hana haja ya dawa. Amerithi uso kama wengine walivyorithi shamba.

Na uzee nao hufanya kazi yake. Mafuta ya usoni hupungua, ngozi hulegea, na mahali pa kati ya jicho na shavu hubonyea. Hapo kinachoonekana ni kivuli tu, kama kivuli cha shimo.

Ukitaka kujua wako ni wa namna gani, chukua kioo usimame mlangoni mchana, mwanga ukikupiga usoni sawasawa. Weusi ukipungua sana au ukipotea, ulikuwa kivuli. Usipopotea, vuta ngozi kidogo kwa kidole. Ikibaki rangi ile ile ya kahawia, ndiyo rangi ya ngozi yako. Ikizidi kuwa ya samawati au zambarau, ni mishipa ya damu. Wengi huwa na mchanganyiko, basi usishangae kioo kikikupa majibu mawili.

Sasa, watoto. Mtoto mwenye weusi chini ya macho, ambaye pua yake huziba, hupiga chafya asubuhi, hulala kinywa wazi na kusugua macho kutwa, huyo yaelekea ana mzio. Maana yake mwili wake haupatani na kitu fulani, kama vumbi, manyoya ya paka au ya kuku, ukungu wa ukutani, au chavua ya maua. Pua ikivimba kwa ndani, damu iliyo chini ya macho hukawia kurudi, ikajaa katika vijishipa vile vyembamba. Tena kule kusugua kwenyewe hutia ngozi weusi, kama vile goti la mtu anayepiga magoti sana linavyokuwa jeusi. Dawa ya kwanza ni kupunguza vumbi. Anika mablanketi na mikeka juani, nyunyiza maji kabla ya kufagia, na kuku walale nyumba yao. Mtoto asikae karibu na moto wa kuni jikoni, wala asiwe chumbani unapopukuchua mahindi makavu. Asipopata nafuu, mganga wa zahanati anazo dawa za mzio, nazo si za ghali. Na akikoroma sana na pumzi kumkatika usingizini, mpeleke hospitali atazamwe koo na pua.

Habari ya usingizi kila mtu anaijua, na ni kweli. Usiku mmoja usiolala humtoa mtu rangi, na mishipa ya chini ya macho huonekana zaidi. Mikesha yetu ya Noeli na ya Pasaka haidhuru, maana usiku mmoja hulipwa na usingizi wa mchana. Matanga ya siku tatu nne ni habari nyingine, na yule anayepika kwenye matanga hayo ndiye anayelala mwisho kuliko wote.

Hapo nataka kusema na mabwana. Mwanamke wa kijijini huamka jogoo wa kwanza. Achote maji, awashe moto, awaandae watoto wa shule, aende shamba, arudi na kuni, apike, aoshe vyombo, na usiku anyonyeshe mara tatu au nne. Bwana naye akitoka kilabuni saa nne za usiku huitisha chakula cha moto. Kisha mbele ya watu husema mke wake amezeeka upesi! Mtu mzima ahitaji kulala saa 7 au zaidi, na mtoto wa shule ya msingi saa 9 hadi 12. Kaa chini uhesabu saa za mkeo kabla ya kumcheka. Kumtwalia ndoo moja ya maji alfajiri ni dawa isiyouzwa dukani.

Lakini yuko mama mwingine ambaye hata akilala haponi uchovu, na huyo ndiye aliyenifanya niandike. Huamka amechoka kama alivyolala. Akipanda mlima husimama mara kwa mara, moyo wadunda, kichwa chazunguka. Wengine hutamani kula udongo ule uuzwao sokoni. Weusi wa chini ya macho yake hauwezi kukuambia cho chote kwa hakika, maana jirani yake anao vile vile na ni mzima. Usitazame chini ya jicho. Tazama ndani ya ukope.

Fanya hivi. Nawa mikono kwa sabuni, umkalishe penye mwanga wa mchana. Kwa kidole gumba vuta ukope wa chini polepole kuelekea shavuni, mpaka uone nyama ya ndani. Kwa mtu mwenye damu ya kutosha nyama hiyo huwa nyekundu. Ikiwa imepauka, karibu kuwa nyeupe, tazama na viganja vya mikono na ulimi. Weka kiganja chake kando ya chako ulinganishe. Vikiwa vimepauka, damu yake yaelekea imepungua, na yampasa kwenda zahanati akatolewe tone moja la damu kidoleni na kupimwa. Na ukiona ukope ni mwekundu lakini dalili zile za uchovu zipo, aende tu, kwa kuwa jicho lenye moshi au ugonjwa laweza kuwa jekundu na kukudanganya.

Usidhani jambo hili ni la nadra. Uchunguzi wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2015 na 2016 ulikuta kwamba katika kila wanawake 100 wa miaka 15 hadi 49, 45 walikuwa na upungufu wa damu. Kwa watoto wadogo ilikuwa zaidi ya nusu. Ndiyo kusema, katika mabenchi ya akina mama kanisani Jumapili, karibu nusu yao!

Sababu ni nyingi, na mara nyingi huja pamoja. Malaria huharibu damu. Minyoo ya safura huingia kwa nyayo za asiyevaa viatu penye udongo uliochafuliwa na choo, ikakaa tumboni ikinyonya. Mimba zinazofuatana upesi humaliza akiba ya mwili. Wako wanaotokwa na damu nyingi kila mwezi, nao huona haya kusema, hudhani ndivyo walivyoumbwa. Na chakula cha ugali na mboga kidogo siku zote hakina madini ya chuma ya kutosha. Hatari yake kubwa huonekana siku ya kujifungua. Kutokwa damu wakati wa kuzaa ndiko kunakoua akina mama kupita sababu nyingine, na mama aingiaye katika uchungu damu yake ikiwa ndogo hana akiba ya kupoteza.

Kwa hiyo mama mjamzito asingoje tumbo liwe kubwa ndipo aende kliniki. Huko hupewa vidonge vya kuongeza damu, dawa ya kuzuia malaria na dawa ya minyoo kwa wakati wake. Vidonge vile wengi huvitupa, kwa kuwa huwasokota tumbo au kwa kuwa choo huwa cheusi. Choo cheusi hapo si kitu, ni chuma kile kinachotoka. Kama tumbo lakusumbua, meza usiku baada ya kula kidogo. Lakini vifungie mbali na watoto, maana mtoto mdogo akimeza vingi kama peremende vyaweza kumwua. Na mtoto mwenye selimundu asipewe vidonge hivyo ila kwa amri ya mganga.

Katika chakula, maini, nyama na dagaa ndivyo vyenye chuma kinachoingia mwilini kwa urahisi. Maharage, choroko, mchicha, kisamvu na matembele navyo vinacho, lakini hicho huingia kwa shida, hivyo kisaidie kwa chungwa, pera, au maji ya limau juu ya mboga. Chai huzuia chuma kisiingie. Desturi yetu ya kuteremshia maharage kwa kikombe cha chai ya rangi ni hasara tupu. Chai ingoje saa moja au zaidi baada ya kula. Wala msidanganyike na vinywaji vyekundu vya chupa: kinywaji hakigeuki damu kwa sababu ya wekundu wake.

Yako mambo mengine yanayofanana na weusi huu, nayo hayangoji juma lijalo. Mtoto anayeharisha, macho yakabonyea ndani, akalia bila machozi, huyo maji yamemwishia. Finya ngozi ya tumbo lake uiachie, ikirudi polepole hali ni mbaya. Mpe maji ya ORS ya pakiti. Usipokuwa nayo, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa juu, katika lita 1 ya maji safi, umnyweshe kidogo kidogo. Aendelee kunyonya, na safari ya zahanati ianze, huko apewe na dawa ya zinki. Asipoweza kunywa, kimbia. Mtoto anayeamka macho yamevimba kila asubuhi, na mkojo wake una povu au rangi ya soda nyeusi, apimwe figo. Mama mjamzito aliyevimba uso, kichwa chamwuma na macho yaona vimulimuli, aende hospitali saa ile ile, kwa kuwa kifafa cha mimba chaweza kuwa karibu. Kijana aliyeanguka mwembeni akapiga kichwa, kisha macho yote mawili yakazungukwa na weusi, huenda mfupa wa chini ya ubongo umepasuka, hasa kama maji au damu yatoka puani au sikioni. Huyo naye ni wa hospitali, hata kama anasema hajambo.

Tena kuna weusi wa jicho moja unaotokana na ngumi, ambao mwenyewe husema aligonga mlango. Huo hauna dawa ya kupaka. Dada, mwambie Padre au Sista, waambie wazee unaowaamini, na kwenye vituo vya polisi liko dawati la jinsia na watoto kwa ajili ya mambo kama hayo.

Nimefika kwa mafuta ya kung'arisha. Mwuzaji gulioni atakuambia kopo lake huondoa weusi kwa siku saba. Mengi ya makopo hayo yana zebaki, au dawa iitwayo hidrokwinoni, au dawa kali za jamii ya steroidi ambazo waganga hutoa kwa kipimo na kwa siku chache. Zebaki hupenya ngozi ikaharibu figo, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto tumboni. Steroidi ikipakwa karibu na jicho kwa muda mrefu huifanya ngozi iliyokwisha kuwa nyembamba izidi kuwa nyembamba, na yaweza kuleta presha ya macho na mtoto wa jicho, ndiyo kusema upofu. Na hidrokwinoni ina kinyume cha ajabu. Mwaka 1975 waganga wa Afrika ya Kusini waliandika habari za wanawake waliopaka mafuta hayo miaka mingi ili wawe weupe, nao wakatokewa na madoa ya samawati na nyeusi mashavuni na chini ya macho, mahali pale pale walipotaka kung'arisha. Madoa hayo ni magumu mno kuondoka. Serikali za Tanzania, Kenya na Rwanda zimepiga marufuku vipodozi vya zebaki na hidrokwinoni, lakini kopo halina miguu, hupitishwa njia za panya. Kopo lisilo na maandishi ya vitu vilivyomo, au lililobanduliwa karatasi yake, liache pale pale mezani pa mwuzaji. Aliyekwisha kuyatumia kwa muda mrefu amwone mganga wa ngozi, maana kuacha ghafula kwaweza kuiwasha ngozi sana.

Maji ya limau nayo yaacheni. Limau na jua pamoja huunguza ngozi na kuacha doa jeusi zaidi. Dawa ya meno vile vile huunguza. Na wanja wa asili, aina nyingine zina madini ya risasi ndani yake, sumu inayodhuru akili za watoto. Msimpake mtoto mchanga machoni, hata bibi akisisitiza. Mtu mzima apakaye wanja aunawe kabla ya kulala, kwa kuwa mabaki yake hujilimbikiza katika mikunjo, na wengine hudhani ni ugonjwa, kumbe ni wanja wa juzi.

Anayetaka kujipendeza kwa harusi, atwae kitambaa safi, akichovye katika maji ya mtungini yaliyopoa, akikamue na kukilaza juu ya macho yaliyofumbwa dakika 10. Baridi hubana mishipa na kupunguza uvimbe kwa saa chache. Tango lililokatwa hufanya vivyo hivyo kwa ubaridi wake. Alale kichwa kikiwa juu kidogo, apunguze chumvi jioni, na mchana avae kofia au ukaya, kwa kuwa jua huongeza weusi wa ngozi. Kitambaa hicho kiwe chake peke yake, kifuliwe na kuanikwa juani. Kitambaa kimoja cha kufutia nyuso za watoto wote ndicho kinachoeneza vikope nyumbani, basi kila mtoto na awe na chake, kiwe hata kipande cha kanga kuukuu.

Karani wa Parokia